Mke wangu yuko kazini, mama anadhani yuko kwenye maombi

Mama Jemima mpendwa,

Nakusalimu kutoka Butembo, mimi msomaji wako wa kila Jumanne, na nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi, kwa sababu Jumamosi wamama wa maombi wa kanisa la mama yangu watapanda gari huko Vuhovi, na ngoma zao, waje nyumbani kwangu kumzunguka mke wangu na kumwombea ndani ya chumba chake, na mke wangu hajui lolote, na kosa lote ni langu.

Nianze na mke wangu. Anaitwa Ornella, na tangu utoto watu wamemwona wa ajabu kidogo. Hapendi kushikwa. Ukimwambia angoje kidogo, anakuuliza kidogo ni kiasi gani. Anasikia vitu ambavyo sisi wengine hatuvisikii, bomba la jirani likidondosha maji anaweza kushinda siku nzima akilisikia hilo tu, hata akiwa na écouteurs masikioni, na mwanga mweupe wa taa za ofisi unamuumiza kama vile sisi tungeangalia moto wa kuchomelea vyuma. Lakini akili yake ni kali, na ni mtu ambaye hajui kusema uongo, na mimi nilimpendea hilo, maana ninauza vipuri vya pikipiki sokoni, ninadanganywa kuanzia asubuhi mpaka jioni, na nikirudi nyumbani kwa mtu kama huyo moyo wangu unapumzika.

Zamani tulikaa Beni, na yeye alikuwa na kazi katika ofisi ya shirika moja linalonunua kakao. Joto, jenereta chini ya dirisha, wenzake wakiongea wote pamoja, simu zikilia, na yeye akijikaza siku nzima aonekane kama wengine, hadi siku moja akaingia stoo, akajibana katikati ya magunia ya kakao, akakataa kutoka. Wengine wakasema amerogwa, wengine wakasema ni kiburi cha waliosoma. Daktari aliyemwona Goma ndiye aliyetuambia kwamba hakuna uchawi wala kiburi, jambo hili linaitwa autisme, amezaliwa nalo na ataishi nalo. Mkuu wake wa kazi, Mungu ambariki, aliona anampoteza mtu, akamwambia afanyie kazi nyumbani, basi tukapanda kurudi Butembo kwenye baridi yetu. Kazi yenyewe ni hii: wakulima wanarekodi kwenye simu, kwa Kinande, habari za mashamba yao, miti imeshikwa na ugonjwa gani na mvua imenyesha vipi, naye anasikiliza na kuandika yote kwa Kifaransa kwenye kompyuta, na hakuna anayemshinda.

Nilidhani tukishafika nyumbani mateso yamekwisha. Wapi. Kwetu mwanamke aliye nyumbani ni mwanamke asiye na kazi, kwa hiyo huyu anabisha hodi anataka chumvi, yule anataka kuchaji simu kwenye sola yetu, shangazi anapita tu kusalimia na kusalimia kwenyewe kunamaliza asubuhi nzima, na mimi pia, nisijitoe, nilikuwa nampigia simu anitafutie hiki na kile. Ikifika jioni namkuta amekaa sakafuni, anatetemeka, kazi haijaisha, na hawezi hata kuniambia kilichompata.

Ndipo nikapata habari za mama mmoja anaitwa Kahongya. Anafanya kazi katika kituo kimoja hapa mjini ambako watu waliovunjika kwa ajali za pikipiki wanafundishwa upya kushika kijiko na kuvaa shati. Yeye ni ergothérapeute, neno ambalo sikulijua, akanieleza kwamba kazi yake ni kumsaidia mtu aweze kufanya shughuli zake za kila siku kwa mwili na akili alizo nazo, si kwa zile ambazo majirani wangependa awe nazo. Alikuja kwetu. Siku ya kwanza hakufanya kitu, alikaa kwenye kona akamwangalia Ornella akifanya kazi, akamuuliza ni sauti ipi inayomuumiza zaidi, na nguo ipi inamsumbua, na mwili unaanzaje kumwambia kwamba umechoka. Kisha tukahamisha meza kutoka kwenye dirisha la barabarani. Tukatundika blanketi nyuma ya mlango wa bati wa chumba chake, ule unaofungukia uani. Akashona foronya, akaijaza maharagi makavu, Ornella anaiweka mapajani akiandika, na uzito ule unamtuliza. Akampangia kutoka na kwenda kupalilia sombe, mihogo yetu ya majani, nyuma ya nyumba kabla hajachoka, si baada ya kuchoka. Na mlangoni tukapiga msumari wa kutundikia kikwembe chekundu, kipande cha kitenge. Kikiwa kimetundikwa, hakuna kumwita, hakuna kubisha, hata awe nani. Kikishuka, yeye ni wetu sote.

Mama Jemima, nyumba ilibadilika. Nilikuja kumsikia mke wangu akiimba, na sikuwa najua kwamba anaimba.

Lakini Mama Kahongya alisema kikwembe bila maelezo ni kitambaa tu, na kwamba ni lazima niwaeleze watu wa familia, kwanza mama yangu. Aliniangalia usoni akaniambia: "Hii hapana ugonjwa ya kuponesha. Njo vile bibi yako iko. Tunapanga nyumba imufate yeye, hapana yeye afate nyumba. Lakini kama unasikia haya ya kuambia mama yako, uniite, tutaenda sisi wote wawili." Nikamwambia asijali, mama ni mama yangu, nitaongea naye mwenyewe. Ornella naye akaniuliza kama nimeshamweleza mama, nikamjibu nimeshamweleza, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kumweleza, ilibaki tu kusema. Na ningesemaje? Mama yangu amelima mlima wa Vuhovi maisha yake yote, tena akiwa na mtoto mgongoni. Nimwambie mke wa mtoto wake anafanya kazi akiwa amekaa, mlango umefungwa, na maharagi mapajani?

Basi siku moja mama akaja bila kutoa habari. Wewe ni wa huku, unajua desturi yetu. Mama wa mume akifika na mzigo, hautui mwenyewe. Anasimama mlangoni na kamba ya mzigo kichwani, mke wa mtoto anatoka, anampokea, anautua mgongoni mwake, anampa maji. Mama alibisha, akasalimu wabukire, akasimama na ndizi zake mgongoni mbele ya kikwembe chekundu, na Ornella hakutoka. Nilirudi kutoka sokoni nikamkuta bado amesimama, ametoka jasho, hajautua. Nilimtua mimi mwanaume, hapo uani, majirani wakiangalia. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Kambere, bibi yako iko mu nyumba?" Nikasema yuko. Akauliza: "Sasa mimi ni nani kwake?"

Na mimi, Mama Jemima, badala ya kusema kweli, niliangalia ule mlango, nikaangalia uso wa mama, nikasikia mdomo wangu unasema: "Iko mu maombi, mama. Banafungaka chumba juu ya maombi."

Uso wa mama ulibadilika mara moja. Alivua viatu. Akashika mkono wangu akaninong'oneza: "Hapana umuite. Mutu mwenye iko nasema na Mungu, hapana kumukatia. Sisi njo tutangoya." Akapika mwenyewe, akitembea taratibu, sufuria hazikugongana hata mara moja, akamwachia Ornella sahani yake imefunikwa, akarudi Vuhovi kabla kikwembe hakijashuka. Jioni Ornella akaniuliza jambo moja tu: "Mama alielewa?" Nikasema alielewa.

Unajua sisi hatujapata mtoto bado. Mama alijiambia kwamba maombi yale ni ya kutafuta mtoto, akawaambia wamama wa kanisa, na wale wale waliokuwa wakisema Ornella ni mwenye kiburi sasa wanasema ni mtumishi wa Mungu. Jumapili alipokwenda nami kanisani kwa mama walimshika mikono mmoja baada ya mwingine, yeye asiyependa kushikwa, na tangu hapo amekataa kwenda tena. Mmoja alileta kuku, akasimama dirishani akasema shida zake zote, na Ornella akamjibu kutoka ndani kwamba yeye yuko na habari za kakao, yule mama akaondoka akiwa amefurahi sana, sijui alielewa nini. Na juzi mama akanipigia simu kwamba Jumamosi wanakuja kumuunga mkono kwenye chumba chake hicho hicho, na ngoma, na kwamba yeye ameshaanza kufuma kofia ya mtoto mchanga kwa sababu ya baridi ya Butembo.

Nimewaza mambo mawili. Ama nimtume Ornella Beni siku hiyo, nimwambie mkuu wake anamwita, kisha niwaambie wamama amekwenda mlimani kusali. Ama nimwombe akae tu na macho yamefumbwa wakati wao wakiimba, kwa muda mfupi, ndipo waende zao na mama yangu asiaibike. Lipi ni afadhali? Nampenda mke wangu na nampenda mama yangu, na sitaki kumpoteza hata mmoja. Ornella mwenyewe siku hizi amenyamaza sana, haimbi tena, kikwembe kinakaa mlangoni mpaka giza linaingia, nadhani kazi imekuwa nyingi.

Wako mwenye aibu,
Kambere

MAMA JEMIMA ANAJIBU

Kambere, Butembo ina Kambere wengi kama Lubero ilivyo na viazi, kwa hiyo jina lako nimeliacha kama lilivyo, ya wengine nimeyabadilisha. Na barua yako nimeijibu mbele ya zote kwa sababu ya hiyo Jumamosi.

Nianze na lililo jema, kwa maana lipo. Ulimwona mke wako sakafuni, hukumpeleka kwa waganga, hukumrudisha kwao, ulikwenda kutafuta mtu anayejua. Ulihamisha meza kwa mikono yako. Wanaume wanaoniandikia kuhusu wake zao walio nyumbani, wengi wananiuliza kwa nini chakula kimechelewa. Wewe unaniandikia kwamba alikuwa anaimba. Nilisoma mstari huo mara mbili, nikakupenda.

Sasa kaa chini nikugombeze. Unaniuliza lipi ni afadhali kati ya uongo wa pili na uongo wa tatu. Hakuna. Umtume Beni kwa ujumbe ambao mkuu wake hakuutuma, apande gari kwenye barabara ile unayoijua, afike aambiwe hakuna aliyemwita? Ama akae macho yamefumbwa katikati ya ngoma na mikono ya watu, kwa muda mfupi? Yeye atakuuliza muda mfupi ni kiasi gani, na hutakuwa na jibu. Mwanamke huyu alijikaza Beni aonekane kama wengine mpaka akaishia katikati ya magunia. Wewe ndiye uliyemtoa huko, na sasa unataka kumrudisha, tena ndani ya chumba kile kile mlichomtengenezea apumue. Wamama wakikaa humo na ngoma siku moja, kitarudi kuwa chumba cha kila mtu, na yeye hatakuwa tena na mahali pa kufanyia kazi. Hicho ndicho unachoweza kupoteza Jumamosi, Kambere, wala si aibu yako.

Na kuna jambo hujaliona, ingawa umeniandikia wewe mwenyewe. Unasema mke wako hajui lolote. Mtu anayesikia bomba la jirani likidondosha maji, na écouteurs masikioni, hakusikia mama mkwe wake akibisha hodi mlangoni pake? Hakusikia swali la "mimi ni nani kwake"? Hakukusikia wewe ukijibu, hatua chache tu kutoka kwenye meza yake? Ndugu yangu, alisikia kila kitu. Hakutoka kwa sababu ulimwambia mama ameshaelezwa, na yeye anaamini maneno kama yalivyosemwa. Ulipofungua mdomo kule uani ndipo alipojua kwamba hukumweleza mama kamwe. Jioni akakuuliza kama mama alielewa. Hakuwa anauliza habari. Alikuwa anakupa nafasi, na wewe ukamwambia alielewa.

Kunyamaza kwake si kazi nyingi. Anakungoja.

Nimeandika hayo si kwa kukuumiza. Mtu anayengoja bado hajaondoka. Lakini usimngojeshe mpaka Jumamosi ije kumwambia badala yako. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako imebakiza siku chache tu.

Ukimaliza kusoma hapa, weka gazeti chini. Ngoja kikwembe kishuke, usikirukie hata kama moyo unakuungua, hilo ni la kwanza. Kisha umwambie kwa maneno machache yaliyonyooka: sikumweleza mama, nilisema uko kwenye maombi, niliona aibu, Jumamosi wanataka kuja na mimi nitawazuia. Usilie sana, kwa sababu ukilia atalazimika kukutuliza wewe. Usimshike. Usimwombe akusamehe palepale, mwache akapalilie sombe zake na ajibu akiwa tayari, hata kama ni kesho kutwa. Na umuulize jambo moja ambalo naona hakuna aliyemuuliza: anataka mama yako aambiwe nini kuhusu yeye, na nini kibaki cha nyumba yenu. Habari za autisme ni zake. Akitaka neno hilo lisemwe, lisemwe. Akitaka useme tu kwamba kelele zinamuumiza na kwamba ana kazi ya ofisi, basi useme hivyo na uishie hapo.

Akishakujibu hilo, kesho yake asubuhi funga duka. Mwite Mama Kahongya, aliyejitolea tangu mwanzo kwenda pamoja nawe ukamkatalia kwa sababu ya kiburi kidogo, na mpande wote wawili mpaka Vuhovi. Usimpigie mama yako simu. Habari hii haipiti kwenye simu. Mwache Mama Kahongya aeleze mambo ya kazi yake, kwa kuwa anayajua, naye ni mwanamke mwenzake na atasikilizwa. Lakini uongo uuseme wewe, kwa mdomo wako ule ule, na mama yako akiwa amekaa.

Unamwogopa mama yako kuliko anavyostahili. Mimi nimemsoma katika barua yako na nimemwona tofauti na unavyomwona wewe. Alisimama na mzigo mgongoni, akadhani amedharauliwa mbele ya majirani, na bado aliuliza kwa sauti ya chini. Ulipompa sababu, alivua viatu. Alipika bila sufuria kugongana. Alimfunikia mkwe wake sahani na kuondoka bila kudai salamu yake. Kambere, Mama Kahongya angetafuta mtu wa kuishi na Ornella asingepata aliye bora zaidi. Mama anayejua kutembea kwa vidole kwa ajili ya maombi anajua kutembea kwa vidole kwa ajili ya kazi pia. Alichokosa ni mtoto wa kumwambia kweli. Wewe ulidhani angeheshimu maombi na kudharau kazi ya mke wako, na sijui kama huyo aliyekuwa akiidharau ni yeye ama ni wewe.

Atakasirika. Mwache akasirike, amepewa sababu. Na kuna kitu kimoja kitamuuma kuliko vyote, nacho ni ile kofia. Ulimpa tumaini la mjukuu ambalo halikuwa lako kuligawa, na yeye amelikalia usiku na mchana akilifuma. Hilo usilipitie haraka. Mwambie: mama, hatujui kama Mungu atatupa mtoto, tukijua wewe utakuwa wa kwanza, lakini maombi yale hayakuwepo. Kisha unyamaze, na akilia ukae hapo hapo karibu naye, usianze kuongea mambo ya gari la kurudi. Kwa huyo ndiyo, mkono unaweza kuushika.

Wamama wa maombi mwachie yeye. Ni wenzake, anajua namna ya kuwaambia. Kama wana hamu ya kuomba, nyumba ya Mungu iko Vuhovi na ina nafasi ya ngoma. Yule wa kuku lakini ni wako. Mrudishie kuku wake, na umwombe radhi, kwa sababu alimwaga shida zake zote mbele ya mtu aliyekuwa anaandika habari za ugonjwa wa miti. Ujue pia alielewa nini alipoondoka anafurahi, usije ukawa umemwachia nabii asiyekuwepo.

Ornella akikubali, na akikubali tu, mwalike mama yako peke yake, siku iliyosemwa mapema, saa ambayo kikwembe kimeshuka. Aingie kwenye chumba, aone kompyuta, asikilize kidogo wale wakulima wanavyoongea Kinande. Ametumia jembe maisha yake yote, atatambua mtu anayefanya kazi za shamba kwa njia nyingine. Na kuhusu mzigo mgongoni, msiivunje desturi ambayo mnaweza kuitengeneza. Wekeni meza ndogo nje ya mlango, ya kimo cha mgongo wa mama, autue hapo akifika wakati wa kazi, na Ornella atoke ampe maji kazi ikiisha. Ornella mwenyewe ajaribu kupanga namna yake ya kumsalimu, kwa maneno, bila kushikana, mama akishajua kwa nini. Mama wengi wanataka kuonwa tu, si lazima kushikwa.

Najua utasema ni mengi. Si mengi, ni kweli moja inayosemwa mahali pawili, na kwa mke wako kwanza.

Umenipa picha ya mwanaume anayerudi kutoka sokoni amechoka kudanganywa, akipumzika kwa mwanamke asiyejua kusema uongo. Naye Ornella jioni apumzike kwa nani? Anza leo. Mtu akija akauliza mke wako yuko wapi, awe mama, awe jirani wa chumvi, awe mchungaji, usiangalie chini, usitafute neno takatifu la kumfunika. Simama hapo mlangoni, mbele ya kikwembe, useme kwa sauti ambayo yeye aliye ndani anaweza kuisikia: "Bibi yangu iko ku kazi."